Hofu Isiyosahaulika: Jinsi Mwili Unavyoiandika Ubongoni

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia maradhi yenye vijidudu vyake na dawa zake: malaria, kichocho, homa ya matumbo. Mwezi huu tunapenda kueleza jambo ambalo halionekani kwa darubini ya zahanati, nalo huwatesa watu wengi kimya kimya. Ni hofu inayobaki ndani ya mtu baada ya hatari yenyewe kupita. Aliyenusurika katika ajali ya basi hawezi tena kupanda gari. Mama aliyevamiwa na majambazi usiku huamka jasho likimtoka kila mbwa abwekapo. Mtoto aliyeona nyumba yao ikiteketea huanza upya kukojoa kitandani, ingawa alikwisha kuacha zamani. Majirani husema, "Ana moyo mwepesi huyo," au "Amepagawa," au "Si yamekwisha? Asahau tu."

Maneno hayo hayasaidii kitu. Ili tuone kwa nini, itatubidi kufuata safari ya hofu mwilini, kuanzia tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo hadi kwenye seli za ubongo ambazo wataalamu walizidharau kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kishindo cha Kikuyu

Tuanze na tukio ambalo wasomaji wetu wa Kenya wanalikumbuka. Alhamisi tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye silaha waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi. Siku kumi baadaye, alfajiri ya Jumapili tarehe 12, hitilafu ya umeme ilitoa kishindo katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Garissa. Wanafunzi waliokuwa usingizini walidhani kwamba sasa ni zamu yao. Wengi waliruka kutoka ghorofani. Mwanafunzi mmoja alikufa na wengine zaidi ya mia moja waliumia. Hapakuwa na adui hata mmoja.

Ni rahisi kwetu tuliokuwa mbali kusema kwamba vijana wale walikosa utulivu. Lakini hebu tujiulize maswali mawili. Kwanza, kwa nini habari ya kutisha hushika kichwani kuliko somo lolote la darasani? Pili, kwa nini hofu ya bunduki za Garissa ilirukia kishindo cha umeme cha Kikuyu?

Kengele na wapiga mbio

Ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi. Wataalamu huiita amigdala. Kazi yake mojawapo ni kupiga kengele ya hatari, na huipiga kabla mtu hajafikiri. Ndiyo maana unaweza kuruka kando ukiona kamba njiani, halafu ndipo ujicheke.

Kengele ikilia, habari hufika mara moja kwenye tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo kama kofia. Tezi hizo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, pumzi huongezeka, damu hukimbilia misuli, mate hukauka mdomoni. Adrenalini yenyewe haiingii ubongoni kwa urahisi, lakini hutuma salamu kwa njia ya neva, na hapo ubongo hutoa homoni ndugu yake iitwayo noradrenalini. Hiyo hutoka hasa katika kituo kidogo sana kilicho kwenye shina la ubongo, ambacho wapasuaji wa zamani walikipa jina la "mahali pa buluu" kwa sababu ya rangi yake.

Baada ya dakika kadhaa anafika mpiga mbio wa pili, kortisoli, ambaye naye hutoka kwenye tezi zilezile za juu ya figo. Huyu hana haraka kama adrenalini, lakini hukaa zaidi. Hupandisha sukari katika damu na kuuandaa mwili kwa taabu ya muda mrefu. Kortisoli si adui. Kila siku hupanda alfajiri na kutusaidia kuamka. Ubaya huja inapozidi au isipotulia.

Homoni hizi hazishughulikii misuli na moyo peke yake. Zinapofika ubongoni ni kana kwamba zinamwambia karani, "Hili liandike kwa wino mzito." Mwaka 1994 Larry Cahill, James McGaugh na wenzao huko California, Marekani, walichapisha jaribio lililoonyesha jambo hilo vizuri. Watu wa kujitolea walionyeshwa picha na kusimuliwa habari ya mtoto aliyekuwa akienda na mama yake kumtembelea baba, akagongwa na gari njiani. Baadhi yao walikuwa wamemeza propranololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu ambayo huzuia kazi ya adrenalini na noradrenalini. Wengine walimeza kidonge kisicho na dawa. Baada ya juma moja, waliomeza kidonge kitupu waliikumbuka sana ile sehemu ya kutisha. Waliomeza propranololi waliikumbuka kama sehemu nyingine yoyote ya hadithi. Sehemu za kawaida walizikumbuka sawa na wenzao. Wino ulikuwa uleule wa siku zote, ila haukuongezwa uzito.

Wino huo unaweza kuandika hata pale ambapo mtu hakumbuki habari yenyewe. Mwaka 1911 daktari Édouard Claparède wa Geneva alieleza habari ya mgonjwa wake, mwanamke aliyepoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Kila walipokutana alimwona daktari kama mgeni. Siku moja daktari alificha pini mkononi, na walipopeana mkono ikamchoma. Walipokutana tena, mwanamke alikataa kumpa mkono. Alipoulizwa sababu hakuweza kuikumbuka pini. Sisi tungeona haya kumfanyia mgonjwa mchezo wa namna hiyo, lakini tumejifunza kwamba hofu ina daftari lake, tofauti na lile la masimulizi. Kwa hiyo msishangae mtoto mdogo, asiyeweza kusimulia lolote, akilia kila aonapo rungu.

Tupitie hapa jambo moja linalowahusu wanafunzi. Kortisoli inayosaidia kuandika hutatiza kusoma kilichokwisha kuandikwa. Ndiyo maana mwanafunzi aliyejiandaa vizuri hutoka chumba cha mtihani akilia kwamba majibu yamemtoka kichwani, na akifika nyumbani yote yanamrudia.

Wapishi nyuma ya nyumba

Sasa tufike kwenye zile seli zilizodharauliwa. Tulipokuwa shuleni tulifundishwa kwamba ubongo ni seli za neva, ambazo hupelekeana habari kwa umeme mdogo na kemikali. Ni kweli. Utafiti uliochapishwa na wataalamu wa Brazil mwaka 2009 ulizihesabu kuwa bilioni 86 hivi kwa mtu mzima. Lakini kuna seli nyingine, karibu idadi hiyohiyo, ambazo si za neva. Vitabu vya zamani vilidai kwamba ni mara kumi zaidi, na wengine bado wanarudia hesabu hiyo. Katikati ya karne ya 19 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alizifikiria kuwa ni kitu cha kushikilia seli za neva zisisambae, ndipo zikaitwa glia, neno la Kigiriki lenye maana ya gundi.

Miongoni mwake zipo astrosaiti, yaani seli zenye umbo la nyota. Mikono yake hugusa mishipa midogo ya damu upande mmoja, na upande wa pili huzizunguka sehemu ambapo seli za neva hukutana. Fikiri juu ya harusi. Wageni wote huwatazama bwana na bibi harusi na wapiga ngoma. Wapishi walioko nyuma ya nyumba hakuna anayewaona, mpaka chakula kichelewe. Astrosaiti ni wapishi hao. Huchukua sukari kutoka katika damu, huigawa, huondoa takataka, na huweka akiba. Akiba hiyo huitwa glaikojeni, na katika ubongo karibu yote iko kwenye astrosaiti.

Mwaka 2011 kundi la Cristina Alberini huko New York lilichapisha jaribio lililowapa wapishi hawa heshima yao. Panya aliwekwa katika kisanduku chenye vyumba viwili, kimoja cha mwanga na kingine cha giza. Panya hupenda giza, basi aliingia upesi. Humo alipigwa na umeme kidogo miguuni. Kesho yake, akirudishwa kwenye chumba cha mwanga, panya wa kawaida husita mlangoni pa giza kwa muda mrefu, maana anakumbuka. Wataalamu walipozuia akiba ya glaikojeni isifunguliwe katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu za mahali na matukio, panya alikumbuka kwa kitambo tu. Siku iliyofuata aliingia gizani kana kwamba hakuna lililompata. Walipompa laktati, chakula ambacho astrosaiti hukitengeneza kutokana na glaikojeni na kuwapelekea majirani zao, kumbukumbu ilisimama. Walipompa glukosi yenye nguvu ileile, haikufaa kitu. Yaani hofu ya siku nyingi haikuandikwa na seli za neva peke yake. Ilihitaji mpishi, na chakula cha mpishi huyo.

Na ni nani anayemwambia mpishi afungue ghala? Noradrenalini ni mmoja wao. Kortisoli nayo ina neno. Wataalamu wa Kraków, Poland, walichapisha mwaka 2018 habari za panya ambao astrosaiti zao ziliondolewa kipokezi cha homoni za jamii ya kortisoli, yaani ule mlango ambao homoni huingilia na kutoa amri. Panya hao walionyesha kumbukumbu dhaifu ya mahali walipopata maumivu, na astrosaiti zao hazikuongoza vizuri matumizi ya sukari.

Halafu mwaka 2025 wataalamu wa Japani walionyesha kwa panya kwamba baada ya tukio la kutisha astrosaiti hubadilika kwa siku kadhaa. Huongeza vipokezi vya noradrenalini, kama mpishi aliyetega sikio. Tukio likikumbukwa tena kwa hofu katika siku hizo, astrosaiti huamka, na kumbukumbu huimarishwa. Ni panya, wala si binadamu, na hatupendi kuruka kutoka kwa panya hadi kwa jirani yako kwa hatua moja. Lakini tutalirudia jambo hili hapa chini, kwa sababu ya simu zetu.

Hofu inapovuka mpaka

Wazee wetu walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hadi kiasi fulani hiyo ni hekima. Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani jijini Nairobi uliposhambuliwa, watu wengi walisikia mlio wa kwanza wakaenda madirishani kutazama. Bomu lilipolipuka, vioo viliwarukia usoni, na wako waliopoteza macho. Aliyeumia hivyo ana haki ya kukimbia dirisha kila asikiapo mlio.

Taabu ni pale hofu inapokosa mpaka. Kundi la Sheena Josselyn la Toronto, Kanada, lilichapisha mwaka 2024 jaribio juu ya hilo. Panya walifundishwa milio miwili: mmoja ulifuatana na maumivu, mwingine haukuleta lolote. Panya watulivu waliogopa wa kwanza tu. Lakini panya waliofadhaishwa kabla ya somo, au waliopewa homoni inayofanya kazi ya kortisoli, waliogopa yote miwili. Ndani ya amigdala zao kumbukumbu ilikuwa imeenea katika seli nyingi kupita kawaida. Walipopewa dawa ya kuzuia homoni hiyo isitengenezwe, hofu ilirudi kwenye mpaka wake.

Sasa tuwatazame upya wanafunzi wa Kikuyu. Kwa siku kumi walikuwa wamesikia majina ya marehemu, wamelala wakitega masikio, miili yao imejaa homoni za hofu. Kishindo kilipolia gizani, ubongo haukuuliza kama ni bunduki au waya.

Nchini Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, watu walitumia neno ihahamuka kwa hali ya mtu anayekumbwa na hofu ya yaliyopita. Ni neno linalotoa picha ya mtu aliyekosa pumzi. Kila mwaka ufikapo Aprili, wakati wa maombolezo, wapo wanaoanguka na kulia kana kwamba yale yanatukia sasa. Tarehe, wimbo, harufu ya mvua, chochote kinaweza kuigonga kengele.

Nyumbani tufanye nini?

Siku za kwanza mtu anahitaji usalama, chakula, maji, mahali pa kulala, na ndugu zake karibu. Akitaka kusema, asikilizwe. Asipotaka, asilazimishwe. Wako wenye nia njema wanaomkalisha mtu siku ya pili na kumtaka asimulie kila kitu "ili kitoke." Shirika la Afya Duniani halishauri jambo hilo, kwa maana kumsimulisha mtu kwa lazima hakumkingi, na kunaweza kumwongezea taabu. Na hapa ndipo tunaposema juu ya simu. Baada ya kila ajali au shambulio, picha za maiti na sauti za vilio huzungushwa usiku kucha. Kwa maoni yetu, ukimtumia picha hizo mtu aliyekuwapo, unampelekea karani wino wa ziada. Usizitume. Ukitumiwa, zifute, na watoto wasizione.

Usimpe vidonge vya usingizi vya jirani. Dawa kama diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium, haishauriwi kwa hofu ya namna hii katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Mtu huizoea upesi. Pombe ni vilevile, nayo huharibu usingizi ambao ubongo unauhitaji sana.

Hofu haifutwi kama chaki ubaoni. Tangu siku za Pavlov imejulikana kwamba woga uliotulia unaweza kurudi wenyewe baada ya muda. Kinachowezekana ni kuandika habari mpya kando ya ile ya kale: "Nilipanda gari, sikufa." Sehemu ya mbele ya ubongo hujifunza habari hiyo na kuituliza amigdala. Lakini hujifunza polepole na kwa kurudia. Aliyepata ajali aende kwanza kituo cha mabasi, asimame tu na mtu anayemwamini. Siku nyingine aketi ndani ya gari lililozimwa. Baadaye asafiri kituo kimoja. Asikimbie hofu inapopanda, bali angoje mpaka ishuke, maana hushuka. Kumburuta kwa nguvu mpaka kwenye kiti ni kumwongezea tukio la pili.

Ushauri huo unawafaa walio salama kweli. Mwanamke anayetetemeka asikiapo hatua za mume ampigaye hana ugonjwa wa kumbukumbu. Hofu yake inasema kweli, naye anahitaji ulinzi kabla ya ushauri wowote.

Je, ni lazima kuwa na mtaalamu mkubwa? Si lazima kila mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifanyika Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi na kubaki na hofu na majonzi mazito. Watu wa kawaida, wasio na taaluma ya magonjwa ya akili, walifundishwa kuongoza vikundi vya watoto hao mara moja kwa juma, kwa majuma 12. Watoto walijifunza kutuliza mwili, kisha wakaielekea habari ya msiba hatua kwa hatua. Katika sehemu tatu kati ya nne walizofanyia kazi, watoto walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma za kawaida. Makatekista, walimu na viongozi wa jumuiya ndogondogo wangeweza kufundishwa kazi ya namna hiyo, tena tunadhani wangeiweza vizuri.

Kuhusu ile propranololi, wasomaji wasikimbilie duka la dawa. Imejaribiwa kwa waliopatwa na kiwewe na matokeo yamekuwa ya kuchanganya. Kwa mwenye pumu inaweza kubana pumzi vibaya kabisa.

Wengi hupata nafuu katika majuma ya kwanza, wakiwa na watu wao. Lakini ikiwa mwezi umepita na mtu bado anaota jinamizi, anakwepa njia au watu, anashtuka kwa kila sauti, hawezi kazi au anasema afadhali afe, apelekwe hospitali na aombe kuonana na daktari au muuguzi wa magonjwa ya akili. Anayetaja kufa asingoje mwezi, wala asiachwe peke yake njiani. Mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani asichapwe. Abadilishiwe shuka, na usiku huo alale karibu na mtu mzima.